Santuri Zako Zioshwe na Nini? Mashine Tatu za Altrasoniki na Beseni Moja la Mkono

Siku nilipomwambia mama watoto kwamba natafuta altrasoniki, aliniuliza nani mjamzito. Hakuwa mbali sana. Mawimbi ni ya ukoo mmoja, sauti kali kupita uwezo wa sikio, ila ya hospitali inapiga picha na hii inaosha. Maji yakitikiswa mara 40,000 kwa sekunde huzaa vipovu vidogo mno, na kila kipovu kikibonyea kinatupa mshindo wa maji. Mshindo huo ukitokea ubavuni mwa santuri, unachokonoa uchafu uliojibana ndani ya mfuo, yaani ule mstari ambamo sindano hupita, mahali ambapo unywele wa brashi haufiki kwa sababu mfuo wenyewe ni mwembamba kama unywele wa kichwa.

Nina masanduku manne ya santuri. Nyingi ni zile ndogo za inchi 7 zilizochapwa Nairobi, ambako hata nyimbo za bendi nyingi za Tanzania zilipelekwa kuchapwa. Zimepita baa, zimepita stoo, zimepita uvunguni mwa vitanda. Ukizishika unakuta tabaka tatu: vumbi jekundu, mafuta ya vidole, na ukungu wa pwani uliochora madoa kama ramani. Kwa ajili yazo nimenunua tangi la altrasoniki na kulitumia, nimeazima mashine ya HumminGuru ya rafiki kwa wiki mbili, na nimekaa mchana mzima mbele ya mashine ya Degritter ya kaka yangu anayeishi Hamburg. Beseni la mkono nilikuwa nalo tangu zamani.

Kabla hujafungua pochi

Mashine inaondoa uchafu tu. Plastiki iliyokwisha kuliwa hairudi. Wazee wa baa walikuwa na dawa yao ya santuri inayoruka: sarafu juu ya kichwa cha sindano. Ilitibu kweli, lakini sindano ile, nzito na mara nyingi butu, ililima mfuo usiku baada ya usiku. Mkwaruzo unaosikika kila mwimbaji anapopaza sauti ni jeraha hilo, na utabaki hata ukiosha mara kumi. Zile tiki-tiki zinazokuja bila mpangilio ndizo zenye matumaini. Nawafahamu watu walionunua mashine ya mamilioni, wakaosha santuri iliyochakaa, wakailaumu mashine.

Halafu kuna zile za kasi ya 78, za enzi za Siti binti Saad aliyesafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Hizo si vinaili. Ni sheleki, gundi itokanayo na wadudu. Pombe inaiyeyusha, na yenye ufa ikikaa majini inaweza kuharibika zaidi. Ukiwa nazo ziweke pembeni, humu sizizungumzii.

Nazipima kwa nini

Watu wengi huanza na kilohezi, yaani maji yanatikiswa mara elfu ngapi kwa sekunde. Ukiuliza popote, jibu la kwanza ni "40 au 120?" Swali si baya. Mawimbi ya chini huzaa vipovu vikubwa vyenye kishindo zaidi. Ya juu huzaa vipovu vidogo, vingi zaidi, vya upole zaidi, vinavyofika kwenye vichochoro vidogo. Lakini baada ya kuosha mamia ya santuri, kilichotofautisha matokeo yangu kilikuwa maji niliyotumia na jinsi santuri ilivyokauka. Uchafu ukishang'oka unaelea. Ukiitoa santuri kwenye maji hayohayo na kuiacha ikauke, uchafu unarudi kukaa ulipotoka, safari hii umetandazwa vizuri.

Kwa hiyo kila chaguo nitaliangalia kwa mambo yaleyale: linavyoosha, linavyokausha, linavyotaka maji, ukubwa wa santuri linazokubali, umeme na fundi, na bei. Bei ni kwa dola kwa sababu ndivyo zinavyouzwa. Usafiri na ushuru ongeza mwenyewe.

Neno moja kuhusu maji, maana linahusu chaguo zote. Maji ya bomba hayafai, na ya kisima cha Dar chenye chumvi ni balaa: yakikauka yanaacha unga mweupe ndani ya mfuo. Yanatakiwa yaliyosafishwa kwa mvuke. Kwenye vituo vya mafuta yapo, yanauzwa kama maji ya betri. Soma chupa mara mbili, kwa sababu rafu hiyohiyo huwa na tindikali ya betri, na ukiomba tu "maji ya betri" muuzaji anaweza kukupa yoyote kati ya hizo mbili. Ndani ya lita moja weka matone machache ya dawa ya kufanya maji yateleze na kusambaa, kama ile waliyokuwa wakitumia wapiga picha wa filamu mwishoni mwa kusafisha picha (Ilford na Kodak wote wanayo). Matone machache, sirudii. Povu likionekana umezidisha, na utalazimika kusuuza.

Tangi la lita 6 na kizungushio

Hili ni lile tangi la chuma lisilo na jina kubwa. Mafundi simu wanalo dogo la kuoshea bodi zilizoingia maji, mafundi nozeli wanalo, masonara wanalo. Usishawishike na lile la fundi simu. Santuri kubwa haiingii. Unalolitaka lina urefu wa ndani wa sentimita 30 na upana wa 15. Juu yake unafunga kizungushio, yaani fimbo yenye mota ndogo inayobeba santuri mbili au tatu na kuzizungusha polepole, huku sehemu yenye mifuo ikizama na lebo ikibaki juu ya maji.

Kuosha: ni kilohezi 40, na vitikisio vyake (vile vinavyotikisa maji) vikifanya kazi vyote, lina nguvu ya kutosha na kusaza. Tatizo ni kwamba ubora unatofautiana tangi hadi tangi. Kabla ya kulipa, kama muuzaji yuko mbele yako, fanya jaribio la karatasi ya alumini ya jikoni: ining'inize ndani ya maji dakika moja likiwa limewashwa. Ikitoka na vitundu vilivyosambaa, tangi ni zima. Ikitoka na vitundu upande mmoja tu, kuna vitikisio vilivyolala. Nyumbani, liwashe tupu (lenye maji, bila santuri) dakika kumi hivi ili hewa iliyomo majini itoke. Kabla ya hapo vipovu havina nguvu. Lisiwashwe kavu hata sekunde moja, litaungua.

Joto nalo. Tangi hizi zina kitufe cha kupasha hadi nyuzi 80, na zenyewe hupata joto kadiri zinavyofanya kazi. Vinaili ni plastiki laini. Mimi sivuki nyuzi 35. Nikifika hapo nazima, nanywa chai, narudi. Niliwahi kusahau nikiongea na simu, na santuri moja ya inchi 7 ikatoka imejipinda kama kaukau. Bado inaimba, lakini sindano inapanda na kushuka kama daladala ya barabara ya vumbi.

Kukausha: hakuna. Ni wewe na kichanja cha vyombo. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukiwa na beseni la pili la maji safi ya kusuuza, kisha ukaziacha chumbani bila feni ya kupeperusha vumbi, zinatoka vizuri mno. Ukiruka kusuuza, rudi juu usome nilichosema kuhusu uchafu unaoelea.

Maji: lita 6 za kuanzia, na zaidi za kusuuza. Mimi hubadilisha baada ya santuri 30 hivi, mapema zaidi zikiwa za ukungu. Ni gharama inayojificha.

Ukubwa: kubwa za inchi 12 hazina shida. Za inchi 7 zinataka maji yapande au fimbo ishuke, na lebo ziko karibu sana na maji. Ni sentimita 4 tu kutoka ukingo. Tafuta kizungushio ambacho fimbo yake inapanda na kushuka, na chenye vifuniko vya mpira vya kuziba lebo. Santuri zenye tundu kubwa katikati zinataka kishikizo chake.

Umeme na fundi: hakikisha ni ya volti 220 hadi 240, kwa kuwa zinauzwa pia za Marekani za 110. Ikiharibika, fundi wa mtaani anayejua bodi anaifungua. Hii ndiyo faida yake kubwa kuliko zote, na wanaoandika kutoka Ulaya hawaitaji kabisa.

Bei: kati ya dola 150 na 300 pamoja na kizungushio.

Linamfaa mwenye santuri nyingi, muda wa Jumapili nzima, na mkono usioogopa bisibisi. Halimfai anayetaka kuosha santuri moja kabla ya kuisikiliza. Kuliandaa tu ni nusu saa.

HumminGuru

Inatoka Hong Kong, ina ukubwa wa kibaniko cha mkate, na ndiyo iliyozishusha mashine za kujiendesha hadi bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikiria bila kuuza kiwanja.

Kuosha: kilohezi 40 pia. Unamimina maji kwa juu, unachomeka santuri wima kwenye mlango wake, unachagua dakika 2 au 5. Kwa santuri yenye vumbi na mafuta ya vidole, dakika 5 zinatosha. Kwa ukungu wa miaka, nililazimika kurudia mara mbili na mara tatu, na kuna moja niliyoipiga mswaki kwanza kwa mkono ndipo ikakubali.

Kukausha: inanyonya maji kurudi kwenye kitangi chake kupitia kichujio, kisha inapuliza hewa. Inatoka kavu, au karibu na kavu. Tone moja likibaki ukingoni kitambaa laini kinalimaliza. Kwa mtu aliyezoea kichanja cha vyombo, hii ni raha. Ina kelele za feni wakati huo, kama kikaushia nywele cha chumba cha pili.

Maji: chini ya nusu lita. Ni faida na hasara kwa pamoja. Chupa moja ya maji ya kituo cha mafuta inakupeleka mbali, lakini nusu lita inachafuka upesi. Baada ya santuri tano au sita za sokoni niliyaona yamegeuka rangi ya chai ya rangi. Hakuna hatua ya kusuuza ndani ya mashine. Ukitaka kusuuza, mwaga, weka maji matupu, ianze upya. Wachache hufanya hivyo. Mimi mwenyewe nilifanya siku tatu za mwanzo nikaacha.

Ukubwa: za inchi 12 moja kwa moja. Za inchi 7 na 10 zinahitaji vishikizo vinavyouzwa pembeni. Kwa mkusanyaji wa muziki wa Afrika Mashariki hilo si jambo la pembeni, ndiyo nusu ya sanduku lake. Viagize pamoja na mashine, siyo miezi sita baadaye.

Umeme na fundi: haina makuu kwa umeme. Ukikatika katikati ya kukausha, santuri inabaki na maji tu. Ukirudi unaanzisha tena. Lakini ikifa, vipuri viko mbali, na ndani imebanana. Fundi niliyemwonyesha aliitazama, akaniuliza kama bado ina waranti, akanirudishia.

Bei: dola 400 hadi 600 kwa toleo la kawaida, kutegemea vishikizo.

Inamfaa mwenye santuri mia au mia tatu, anayenunua mbili tatu kila mwezi, anayeishi chumba na sebule na hana pa kutandaza mabeseni.

Degritter

Sasa tunaingia kwa watu wazima. Inatengenezwa Estonia. Toleo linalouzwa siku hizi linaitwa Mark II.

Kuosha: kilohezi 120, kwa hiyo vipovu vidogo na upole zaidi, na pampu inazungusha maji kupitia kichujio muda wote wa kuosha. Hicho kichujio ndicho kilichonivutia kuliko namba 120. Uchafu unaotoka hauachwi uelee. Je, nilisikia tofauti? Kaka aliosha santuri niliyokuwa nimeiosha mimi Dar kwa tangi langu na kuisuuza vizuri. Tulisikiliza kabla na baada. Yeye alisikia tofauti kubwa. Mimi nilisikia ndogo, na nakiri kwamba yeye ndiye aliyelipa. Lakini tulipoosha ile ambayo nilikuwa sijaisuuza, hata mtoto wake wa miaka kumi alisema "sasa imenyamaza nyuma".

Kukausha: feni, na inakausha kweli. Hakuna kitambaa.

Maji: kitangi cha lita 1.4 kinachochomolewa. Wengi hununua cha pili, kimoja cha maji yenye dawa, kingine cha maji matupu ya kusuuza. Unabadilisha kama betri ya simu za zamani. Kichujio unakisuuza bombani. Pombe haitakiwi humo, na kwa kweli haitakiwi katika mashine yoyote kati ya hizi tatu: joto, mvuke wa pombe na umeme si majirani wazuri.

Ukubwa: 12 moja kwa moja, 7 na 10 kwa vishikizo, kama ilivyo kwa HumminGuru.

Umeme na fundi: imeundwa kwa uangalifu na inakuambia kwenye kioo maji yakipungua au joto likizidi. Lakini ikiharibika ukiwa Mwanza, ni sanduku linalorudi Ulaya kwa ndege, na mashine ya kilo kadhaa si barua. Weka kilinda-umeme kizuri kabla hujaichomeka; umeme wetu ukirudi baada ya kukatika hurudi kwa hasira.

Bei: dola 3,000 na ushee. Kwa fedha hizo kuna nyingine za daraja hilo, kama Audio Desk ya Ujerumani inayochanganya mawimbi na brashi za kuzunguka, na maswali ya kuiuliza ni hayahaya.

Inamfaa mwenye santuri elfu na zaidi, kituo cha redio, mtu anayehamisha santuri kwenda dijitali kwa malipo, au duka linaloosha kila kinachouzwa. Inaweza kumfaa pia mtu mwenye santuri hamsini na fedha ya kuchezea. Mimi ni nani nimzuie.

Beseni la mkono, ambalo si altrasoniki

Nimeliweka kwa sababu bila hili ulinganisho ungekuwa wa kuuza. Spin-Clean ya Marekani na Knosti ya Ujerumani ni mabeseni membamba yenye brashi mbili. Unazungusha santuri kwa mkono, mbele na nyuma. Kuosha ni kwa wastani, mfuo wa chini haufikiwi kikamilifu. Kukausha ni kichanja na kitambaa. Maji ni kidogo. Ukubwa wote unakubalika. Umeme hakuna, fundi hakuna. Bei ni kama dola 100 au chini yake.

Na jambo moja ambalo wauzaji wa altrasoniki hawalipendi: kwa santuri chafu sana, beseni hili kwanza na mashine baadaye hutoa matokeo bora kuliko mashine peke yake, kwa sababu matope hayaingii kwenye tangi lako.

Ukiwa katika hali hii

Umerithi sanduku moja la santuri za baba na hujui kama zinaimba: anza na beseni. Osha tano, sikiliza. Kama kinachosumbua ni mikwaruzo ya sarafu, umeokoa fedha. Kama ni tiki-tiki, songa mbele.

Unanunua kwa wingi Kenyatta Market ya Nairobi au mnadani, ishirini kwa mkupuo, na unauza baadhi: tangi la lita 6 na beseni la kusuuza. Utachoka, lakini hesabu ya kila santuri itakuwa ndogo kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Una sanduku la inchi 7, karibu bila kubwa hata moja: linganisha bei ya vishikizo kwanza, kisha mashine. Hapo HumminGuru na tangi vinakaribiana sana, na kinachoamua ni kama una subira ya kurekebisha kimo cha maji.

Unaishi pwani na ukungu ndio adui: mashine yoyote utakayochagua, badilisha maji mara mbili zaidi ya wanavyosema maelekezo, na usirudishe santuri iliyooshwa kwenye bahasha yake ya zamani ya karatasi. Mbegu za ukungu ziko humo. Bahasha mpya za ndani ni bei ndogo, na mimi nililijifunza hili baada ya kuosha santuri zilezile mara mbili ndani ya masika moja.

Uko Muscat, London au Toronto, waranti ina maana na posta inafika mlangoni: hoja yangu ya fundi wa mtaani inapungua uzito, na mashine mbili za kujiendesha zinapanda. Ukija likizo nyumbani na mashine kwenye begi, kumbuka ile ya Amerika Kaskazini inaweza kuwa ya volti 110.

Na kama mwenzi wako bado anauliza nani mjamzito, Degritter subiri kidogo. Kwetu hadi leo tangi linakaa nyuma ya mlango wa stoo, chini ya ndoo, na kichanja cha vyombo nimenunua changu.